Msusi wa Mlangoni

Kabla sijagusa kompyuta nilisuka nywele Kenyatta Market, Nairobi, miaka minne. Pale mlangoni wasusi husimama wakikushika mkono kabla hujaamua unataka mtindo gani. Unaweza kuwa na msusi wako wa siku zote, anakungoja ndani na uzi ameshatenga, lakini aliyekushika kwanza ndiye atakusuka. Kibanda changu kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na choo. Hasira yangu nyingi ilianzia huko.

Kwa hiyo niliposomea kuandika programu na kupata miezi mitatu ya majaribio kwenye ofisi moja Kilimani, niliona nimetoroka. Siku ya mwisho ya majaribio ningeonyesha programu yangu ya kupanga miadi ya kliniki. Ikifanya kazi, naajiriwa. Isipofanya, narudi karibu na choo.

Nyumbani, mtaa wa Mountain View, programu ilifanya kazi vizuri huku mtoto wangu akiwa mapajani anapiga vitufe. Ofisini, kwenye kompyuta inayotumiwa na wote na mbele ya bosi, ikawapa wagonjwa miadi Jumapili. Kliniki yenyewe hufungwa Jumapili.

"Mathe, hii kitu uliijaribu kweli?" aliuliza mwenzetu mkubwa kwa cheo, mwenye digrii mbili na kikombe ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

"Niliijaribu."

"Ama ni mtoto ndiye alikuwa anaijaribu?"

Watu wakacheka. Bosi akaangalia saa.

"Nipeni dakika tano," nikasema.

"Mum, hakuna aibu," akasema mwenye kikombe. "Kusuka pia ni kipaji."

Nikageukia skrini. Mdomo wangu ningeufungua, ningefukuzwa kwa matusi badala ya Jumapili.

Kilichoniudhi ni kwamba kompyuta haikulalamika. Programu yangu iliomba faili la kukagua siku, ambalo nililiita "tarehe", na ikapewa. Ingekosa, ingepiga kelele. Sasa nani alikuwa ameipa? Nikaiamuru inionyeshe faili hilo imelitoa folda gani, halafu initajie folda zote inazotafuta, moja baada ya nyingine.

Nikaona mlango wa Kenyatta Market.

Folda ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya yule mwenye kikombe. Ndani yake kulikuwa na faili lake la zamani, nalo likiitwa "tarehe", lisilojua kama kuna siku za kufunga. Folda yangu, ambayo nyumbani ilikuwa peke yake, hapa ilikuwa ya mwisho. Kompyuta ilianza juu, ikakuta jina inalolitaka, ikaacha kutafuta. Faili langu lilikuwa limekaa ndani huko likingoja mteja ambaye ameshashikwa mkono.

Nikaandika mstari mmoja wa kuipandisha folda yangu iwe ya kwanza. Jumapili zikaisha.

"Tatizo lilikuwa wapi?" bosi akauliza. Nikamwonyesha.

"Hiyo folda niliiweka hapo juu kuirahisishia timu kazi," akasema mwenye kikombe. Timu hiyo ilikuwa yeye.

Niliajiriwa. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kusafisha ile orodha, zibaki folda za ofisi tu. Kila mtu aielekeze mwenyewe programu yake kwenye folda yake. Niliwaandikia wote ujumbe Jumatatu, nikasema nitaanza Jumatano. Watu walisoma. Mmoja hakusoma.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, alisimama mezani kwangu, kikombe mkononi.

"Mathe, nani amefuta mafaili yangu?"

"Hayajafutwa. Yako kwa folda yako."

"Programu yangu haiyaoni."

"Si uiambie yaliko? Ni mstari mmoja. Nilieleza kwa ujumbe."

"Nani ana saa ya kusoma ujumbe mrefu hivyo?"

"Nikupe dakika tano?"

Alichukua dakika arobaini. Nilikula chapati yangu polepole, yote, nikimwangalia akitafuta.