Marumaru Tupu Chini ya Majina Tisa

Mnara wetu ulizinduliwa Siku ya Mashujaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabua ya mahindi. Ni nguzo ya zege mbele ya kanisa la Kilutheri la kijiji chetu, milimani juu ya Ipogolo. Upande unaotazama barabara kuna bamba la marumaru lenye majina tisa: saba ya waliokufa katika Vita vya Kagera, mawili ya vijana waliokufa miaka ya karibuni wakilinda amani nje ya nchi. La tatu kutoka juu ni la mjomba wangu. Kwa ajili yake mama aliniita nitoke Mbeya, Ilomba, ninakoishi na kushona nguo, nije nisimame naye.

Kitambaa kilipoondolewa watu walilia, wengine wakapiga makofi. Mama alisogea, akagusa jina la kaka yake. Kisha mkono ukateremka, ukapita jina la mwisho, ukaendelea kushuka kwenye marumaru tupu.

"Fundi," alimwita aliyechonga, "mbona huku chini umeacha?"

"Kamati ndiyo ilisema, mama," fundi alijibu kwa upole. "Tukihitaji kuongeza, tusikose pa kuandikia."

Wakati huo mdogo wangu wa kiume alikuwa na miezi mitano nje ya nchi na kikosi chake. Mtoto wa jirani yetu alikuwa naye huko. Walisoma pamoja, wakajiunga na jeshi mwaka mmoja. Mama wa kijana yule na mama yangu walisaidiana palizi tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulimwita mama mdogo, ingawa hatuna undugu wa damu.

Tangu siku ile mama alibadili njia ya kwenda kanisani. Alizunguka nyuma, akaingilia mlango wa wanakwaya. Nilipanga kukaa siku nne. Nilipoona mama hali chakula, nikakaa zaidi. Mdogo wangu alizoea kupiga simu kila Jumapili. Jumapili ya kwanza hakupiga. Ya pili hakupiga. Nikipiga mimi, hapatikani.

"Labda ni mtandao," nilimwambia mama.

"Sawa," akasema, akaendelea kupukuchua mahindi. Nilipotazama vizuri, alikuwa anasugua gunzi tupu.

Jumatano yake, saa nne asubuhi, tukasikia gari likipanda kilima. Kwetu magari ya katikati ya wiki ni ya kubeba mbao, na tunayajua kwa mngurumo. Hili halikuwa la mbao. Likatokeza kwenye kona: gari la jeshi, la kijani, maofisa wawili mbele, mwenyekiti wa kijiji na mchungaji nyuma. Mchungaji alikuwa amevaa kola yake.

"Ingia ndani," mama alisema. "Funga."

"Mama, jamani..."

"Funga mlango! Wasitukute."

Nilifunga. Tukasimama jikoni kando ya moto, amenishika kifundo cha mkono hadi vidole vikafa ganzi. Gari likasimama mbele ya uzio wetu. Injini ikazimika. Viatu vizito vikaja hadi mlangoni.

"Hodi hapa."

Mama akatikisa kichwa. Hodi ya pili. Ya tatu. Nilitazama kitasa nikidhani kitazunguka chenyewe. Kisha nikamsikia mwenyekiti, kwa sauti ya chini: "Hawapo. Nilitaka huyu mama aje atusaidie kumshika mwenzake. Basi, twendeni tu."

Injini haikuwaka tena. Walitembea kwa miguu hadi nyumba ya pili.

"Asante, Yesu," mama alisema, na papo hapo akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Tulikuwa bado tumesimama vile kilio kilipopanda kutoka ng'ambo ya uzio. Mama alifungua mlango kwa kishindo, akakimbia bila viatu.

Siku zote za msiba alipika, akaosha masufuria, akalala kwenye mkeka kando ya mama mdogo, ila hakuweza kumtazama usoni. Ijumaa mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa wodini, risasi ilipita pajani. Nilimpa mama taarifa nyuma ya nyumba, kwa kunong'ona, kama tumeiba.

Watu walipotawanyika, mama alishindwa kuvumilia. "Dada," alimwambia mwenzake mbele yangu, "siku ile nilikuwa ndani."

"Najua," mama mdogo alijibu. "Niliona moshi unatoka jikoni kwako." Aliendelea kuchambua maharage, na mama akakaa chini akamsaidia.

Mdogo wangu alirudi kabla ya Krismasi, anachechemea kidogo. Mama mdogo alikuja siku hiyo hiyo. Alimpapasa mabega, akamuuliza kama anajua mwanawe alikula nini asubuhi ya mwisho. "Chai na mkate," mdogo wangu alisema. "Alinipa kipande chake." Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, akaomba arudie kusema.

Sasa mdogo wangu yuko kambini tena. Wiki iliyopita alinipigia simu cherehani ikiwa inazunguka, nikaisimamisha ili nimsikie. Jina lake liko kwenye orodha ya kikosi kinachoondoka baada ya mvua. Ameomba nisimwambie mama, na mpaka leo sijamwambia.