Mke Mwenzangu Kwenye Mdahalo

Mwalimu wa mdahalo alipokuja nyumbani alinikuta nakuna nazi. Kijana mzuri, katoka bara, ila ana ile tabia ya walimu, neno halimalizi, anakuachia mkia uukamate mwenyewe.

"Bibi, shikamoo. Huyu mjukuu wako ana hoja nzu...?"

Akaningoja. Nikamwambia, "Nzuri, baba."

"Nzuri. Lakini akisimama mbele ya watu hasi...?"

"Hasimami?"

"Hasikiki, bibi."

Mie mbavu sina. Hasikiki huyu huyu, ambaye majirani wanajua sie tumekula nini kwa sababu ya sauti yake?

Shule yetu, huku ukiipita Kigombe kidogo, ni ndogo. Mtoto akipiga mpira kwa nguvu wanakwenda kuuomba kwenye shamba la mtu. Lakini netiboli wanayo, kwaya wanayo, bustani ya mchicha wanayo, na huo mdahalo, ambao watoto wanasimama wanabishana kwa adabu. Mie sikusoma, na kubishana kwa adabu nilikuwa sijapata kukuona. Huku kwetu tunabishana tu.

Mjukuu wangu yupo kidato cha pili, nimemlea mwenyewe. Na bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo yeye ni mke mwenzangu, maana babu yake ni mume wetu sote. Asubuhi namwambia, "Mke mwenzangu, chai yako mume kainywa kafumba macho."

Yeye hata hageuki. "Kafumba macho asikuone wewe."

Mume mwenyewe, aliyemaliza nguvu zake kwenye mashamba ya mkonge, anakunywa kimya. Yule mzee kwa siku hasemi maneno ya kujaza kikombe.

Kumbe ulimi wa mtoto ni wa nyumbani tu, akiona watu unalala. Mwalimu akanieleza kwamba siku ya wazazi watabishana mbele yetu. Akisikika, anaingia kwenye timu ya kwenda kushindana Muheza. Asiposikika, nafasi anapewa msichana mwingine. Na mtoto aliitaka hiyo safari. Soksi nyeupe za kwendea alikuwa kashazifua, kaziweka chini ya mto.

Mwalimu alipoaga akanipa sharti. "Bibi, uje, lakini usifungue mdomo. Na usiigize mtu."

"Mie naigiza nani?"

"Wote."

Kweli, sauti ya mtu ikinipita siiachi. Ya mkuu wa shule ninayo, anayekohoa kabla ya kila neno. Ya mama wa dukani ninayo, anayekutajia bei ya sukari kama anakupa pole ya msiba. Basi nikaapa, babu yake shahidi.

Siku ikafika. Tumekaa chini ya turubai uwanjani, mkuu wa shule akaanza. "Hm-hm. Wazazi. Hm-hm. Karibuni." Nikajiziba mdomo kwa pindo la kanga. Mada ilikuwa kwamba michezo na vilabu vinawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Siku nyingine wanabishana kwa Kiingereza, ila siku hiyo waliweka Kiswahili, sie wazazi tusije tukapiga makofi pasipo pake.

Akatangulia kijana wa kuunga mkono, sauti nzito aliyoipata juzi, bado haijamkaa, inapanda inashuka. "Mheshimiwa mwenyekiti, mpira haujibu mtihani." Akakaa na makofi yake.

Akasimama mke mwenzangu kupinga. "Mheshimiwa mwenyekiti..." Basi. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Mwenyekiti, msichana mwenzao mwenye kengele, akamwambia, "Msemaji, paza sauti." Ndiyo kwanza akaipunguza. Nikamwona mwalimu anageuza shingo kumtazama yule msichana mwingine. Na mie nimeapa. Naitafuna kanga, machozi yananitoka.

Babu yake ndiye hakuapa. Akasema polepole, pale pale alipokaa:

"Mke wangu mdogo, sisikii. Yule mkubwa angeshamaliza."

Wazazi wakaangua kicheko, utani huu kila nyumba upo. Mwenyekiti akagonga kengele. "Wazazi mnaombwa kufuata kanuni." Na mtoto, kwa mazoea tu, ulimi ukaamka:

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyo mume hasikii kwa sababu mke mkubwa kamaliza masikio yake. Anaanza alfajiri, mpaka jogoo anamwachia zamu."

Sauti hiyo ilifika barabarani. Na ilipofika barabarani, hakuirudisha. "Mpinzani wangu anasema mpira haujibu mtihani. Kweli. Lakini hata daftari haliendi kuomba kazi. Anayekwenda ni mtu, na mtu akiulizwa swali lazima asikike. Mimi sasa hivi mmeniuliza, hamkunisikia. Hapo ningepata kazi gani? Sauti nimekuja kuitafuta kwenye klabu hii."

Halafu akashika kiuno, akavuta kanga isiyokuwapo, akabana midomo. "Mie sikusoma, lakini nasema tu." Mie huyo, mie mwenyewe. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mkuu wa shule alicheka mpaka akasahau kukohoa.

Upande wake ukakatwa alama kwa kelele za babu, ukashindwa. Lakini mwalimu akatufuata tukikunja mkeka.

"Bibi, mjukuu wako Muheza ata...?"

"Atakwenda."

"Na babu ata...?"

"Atabaki, baba."

Jioni ile mtoto, soksi mkononi, akazunguka uani na sauti yangu, anawasema kuku. Nikamwambia, "Mie siongei hivyo."

"Unaongea hivyo hivyo," akasema babu yake, akafumba macho, akanywa chai yake.