Koti la Kompyuta

Yule fundi cherehani huongea huku pini zimejaa mdomoni, na kila anayepimwa huambiwa neno lilelile: "Simama vizuri, usibane tumbo."

Alipoagiza kompyuta kwa posta, wifi yake alicheka. "Wifi, umeliwa! Nani hununua kitu hajakishika?" Fundi alichukua vipimo vilivyoandikwa kwenye katalogi aliyoagizia, akaishonea kompyuta koti la maua lenye pindo safi na mfuko wa kipanya, akalitundika katikati ya nguo za wateja, limsubiri mwenyewe.

Leo kasha limefika. Vidole vinavyokata hariri bila wasiwasi vinahangaika kubandua karatasi ya gundi. Kompyuta inawekwa mezani, inawashwa, skrini inang'aa, na wifi mtu anaruka kumkumbatia fundi mpaka kiti kinaanguka. Haya, koti! Wanalivalisha. Linapwaya, linamwagika mpaka chini ya meza. Kumbe katalogi ilitoa vipimo vya kasha!

Wifi amejishika mbavu kwa kicheko. Fundi anatia pini mdomoni, anapiga magoti mbele ya kompyuta, anakusanya kitambaa kilichozidi ubavuni.

"Simama vizuri," anaiambia. "Usibane tumbo."