Ubongo Laini

Daktari wa Dar es Salaam aliitazama ile picha ya kichwa cha binti yangu, akasema, "Mama, ubongo wake ni laini. Hauna mikunjo kama ya watoto wengine. Ameumbwa hivyo, na ni nadra sana." Akaongeza kwamba hatatembea wala kuongea kama wenzake, na vidonge vya kifafa asikose hata siku moja. Nikapanda treni kurudi Dodoma na neno moja tu, laini. Mikunjo niliiacha kulekule.

Miaka ile ya soko huria, kila aliyepata koti jeupe alifungua duka la dawa. Jirani yetu, ambaye mwaka uliotangulia aliuza viatu vya mitumba, alinihakikishia kuwa ubongo laini ni upungufu wa vitamini, na kwa bahati vitamini anazo. Nikanunua. Ofisini, wapiga chapa wenzangu walisema laini ni afadhali, wenye ubongo mgumu tunawajua, ndio wakubwa wetu. Nilicheka nao. Kanisani waliombea ukomae upesi.

Mama mkwe akaja kutoka Bahi kunilelea mtoto. "Laini?" akasema. "Hata mpunga si huanza na maziwa? Utakomaa huo." Nikamwonyesha vidonge na saa za kumpa.

Binti alikuwa na miaka minne, shingo bado inalegea. Bibi yake akaona vidonge ndivyo vinavyomlegeza, vinauzuia ubongo kukomaa. Basi kwa upendo wote, nikiwa kazini, akavificha vidonge, akawa anampa zile vitamini. Siku ya tatu, saa sita mchana, nikaitwa. Nilikuta majirani wamesimama mbali wakiogopa povu lisiwarukie, wakiwemo waombaji wa kanisani. Aliyempakata mtoto ni bibi yake peke yake, kanga imelowa povu, analia.

Tuliporudi kutoka hospitali, mtoto amelala, nilimfokea mtu mzima aliyenizalia mume. Nilikuwa na hasira ya kupasua chungu. Nikamwambia ubongo ule hautakomaa kamwe, umeumbwa hivyo, daktari alisema wazi.

"Alisema lini?"

"Siku ileile ya picha, mama."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Nikainama kwa aibu. Sikumwambia kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri ukomae.