Kompyuta Iliyowataja Wafu

Priscilla alikuwa akiosha matumbo ya ng'ombe pale machinjioni Kitengela, mikono imezama hadi viwiko kwenye maji ya damu, simu ilipolia mfukoni mwa aproni yake. Alimwomba mwenzake amshikie sikioni. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka wa 2009.

"Dada, kaa chini kwanza." Alikuwa Wainaina, mwenye saiba, duka la intaneti ambamo Ledama, mdogo wake Priscilla, alifanya kazi.

"Niko na kazi. Sema."

"Ledama amepatikana kwa korongo, huku nyuma ya soko. Wamempiga."

"Wamempeleka hospitali gani?"

"Dada, si hospitali."

Priscilla alimaliza kuosha tumbo lililokuwa mkononi, akalitundika kwenye ndoana. Ndipo akakaa chini.

Mochari walimwonyesha peke yake. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa rungu. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevunjwa vyote, vya kulia vinne. Kidole gumba tu ndicho kilichosalia kizima. Mhudumu wa mochari alimwambia kwamba mtu huvunjwa hivyo anapoulizwa kitu naye akakataa kusema. Priscilla alijua alichoulizwa. Alimfunika, akamwomba Mungu asimwache amchukie mtu kabla hajamzika ndugu yake.

Ledama alizaliwa mwaka wa 1974 ng'ambo ya Isinya, na ugonjwa wa macho unaoletwa na nzi ukampofusha akiwa na miaka saba. Watu wa misheni walimchukua, wakampeleka shule ya vipofu. Alirudi kijana wa miaka ishirini na moja, anasoma Biblia kwa vidole na anajua Zaburi nyingi kwa moyo. Lakini mambo ambayo mtoto wa Kimaasai huyasikia akichunga mbuzi na wenzake, hayo yalimpita.

Mwaka wa 2004 alijifunza kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. Hakugusa kipanya. Alibonyeza Tab, akabonyeza mshale, na sauti ya puani ikamwambia mbio mbio: kiungo, kiungo, picha, kitufe.

"Huyu mzungu wako anaongea kama dalali wa mbuzi," Wainaina alimtania.

"Wewe ndiye mwenye masikio ya punda," Ledama alijibu. "Mimi namwambia aongeze mwendo."

Wanachama wa ranchi yao ya pamoja walimchagua kuwa katibu. Ardhi ilikuwa inagawanywa, kila mwanachama apate kipande chake, na wanunuzi kutoka mjini walikuwa wamejipanga kama tai. Mwaka wa 2007 watu walichoma ofisi pamoja na daftari la wanachama, wakamkatakata mlinzi kwa panga hadi akafa mlangoni. Ledama aliamua kwamba daftari jipya litakaa kwenye mtandao, mahali kiberiti hakifiki. Kufungua akaunti, ukurasa ulimtaka anakili herufi zilizopindapinda ndani ya picha, na programu yake haikuweza kusoma picha. Alimwita Priscilla amsomee, na neno la siri la kuingilia wakalichagua pamoja. Ndiyo maana Priscilla aliijua paswadi. Mtu mwingine hakuijua, kwa sababu kila Ledama alipoichapa, mashine ilisema tu nyota, nyota, nyota.

Majedwali ya mtandaoni hayakusomeka kwa programu yake siku hizo, basi aliandika hati ya kawaida, kila mwanachama kwenye mstari wake. Mistari mia tatu na kumi. Kati ya hiyo, kumi na tisa ilikuwa ya wanaume waliokufa, na wajane wao walikuwa bado wanaishi pale pale.

Mistari hiyo ndiyo iliyotamaniwa na Katoo, mwana wa baba yao mdogo, aliyekuwa kwenye kamati. Kwa Wamaasai, mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena mbele ya watu wake. Katoo alisema asiyetajika hawezi kumiliki ardhi, ifutwe, vipande virudi kwa kamati. Ledama, ambaye mwiko huo ulimpita akiwa shuleni, alidhani ni hila tu, akakataa. Mwezi wa pili wa 2009 aliwaita wajane na wazee waje saiba wasikie kwa masikio yao kwamba hakuna kilichofutwa. Akachomoa vipokea sauti vya masikioni, akaongeza sauti ya spika.

Mashine ikaanza kuwataja wafu kwa majina, mmoja baada ya mwingine.

Wanawake walipiga mayowe. Mzee mmoja alimshushia Ledama fimbo kichwani, na Katoo akaipasua skrini kwa rungu. Sauti ya puani haikukoma, ikaendelea kutaja hadi Wainaina alipong'oa waya ukutani. Ledama alikuwa sakafuni, damu ikimwingia sikioni.

"Nimefanya nini?"

"Mtoto wangu," alisema Nalangu, mjane mkubwa kuliko wote, "umewaita."

Ledama alichinja kondoo, akaomba msamaha boma kwa boma. Na katika kila boma aliuliza jambo moja: "Yeyo, mama, nikuandike wewe?" Kwa siku tatu aliifuta mistari kumi na tisa na kuiandika upya kwa majina ya wajane, majina ya walio hai, ambayo hakuna mwiko wa kuyataja. Katoo alipopata habari alijua kwamba bila paswadi hana lake. Jumatatu iliyofuata Alhamisi ile orodha ingepelekwa ofisi ya ardhi Kajiado.

Kwa hiyo Priscilla alipotoka mochari hakwenda nyumbani. Alikwenda saiba. Alifungua hati, akaanza kuichapisha. Ukurasa wa nne ulikuwa unatoka Katoo alipoingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Pole, dada. Hiyo orodha tuachie kamati. Wewe omboleza."

"Nitaomboleza nikimaliza."

Katoo alimkaba koo, akamsukuma ukutani. "Usijifanye ngumu. Ndugu yako alivumilia mpaka kidole cha tisa bila kusema."

Hesabu hiyo ilijulikana mochari tu. Priscilla alikuwa bado na aproni yake, na kisu cha kazi mfukoni. Alikichomeka kwenye mkono uliomkaba, akakizungusha jinsi anavyozungusha kwenye kiungo cha paja la ng'ombe. Katoo alianguka juu ya viti. Priscilla alimkalia kifuani, ncha ya kisu chini ya kidevu.

"Dada, wacha," Wainaina alisema kutoka chumba cha nyuma. "Nimesikia alichosema. Nitasema kortini. Wacha."

Priscilla alikaa vile kwa muda ambao hakuweza kuueleza baadaye, hata kwa mchungaji wake. Kisha akainuka, akaweka karatasi nyingine kwenye printa. Polisi walimchukua Katoo, naye akawataja wenzake wawili kabla ya jioni.

Jumatatu, Priscilla na Nalangu walipeleka orodha Kajiado. Afisa aliisoma mstari kwa mstari, akagonga muhuri kila ukurasa.

Jumatano walimzika Ledama nyumbani kwa mama yake. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, na vijana wanne walilibeba kutoka kwenye gari hadi kaburini. Mchungaji alisoma Zaburi ya ishirini na tatu, akamwita "ndugu yetu" tangu mwanzo hadi mwisho bila kumtaja jina. Priscilla alitupa udongo wa kwanza, kisha mama yake akafuata. Vijana walijaza kaburi, na wajane kumi na tisa wakabeba mawe wakayapanga juu kwa sababu ya fisi, wakaongeza matawi ya miiba. Waliimba nyimbo mbili za Kimaa. Mchungaji aliomba, watu wakanawa mikono, wakala, na kabla ya saa kumi magari yalikuwa yameondoka.