Nyota Moja na Nusu za Mtu Aliyekimbilia Gari

Nyinyi wasomaji mnaniudhi. Mnaangalia gazetini mhakiki kaipa filamu nyota ngapi, mnabaki sebuleni, halafu mnajifanya mmeiona filamu. Haya, sikilizeni mlichomfanyia Lorna Haugsrud.

Lorna anachana tiketi kwenye sinema ya mtaani kwetu hapa Duluth, mwaka wa ishirini na sita sasa. Filamu ikianza anasimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, anasikiliza watu. Kicheko cha adabu anakijua. Cha mtu aliyepaliwa na bisi anakijua pia.

Februari ikaja filamu ya kuchekesha, Seneta wa Madaraja. Jamaa anaahidi daraja kila kijiji, hata pasipo na mto. Watu walipaliwa, nawaambia! Jumapili alasiri akaingia Preston Weller, mhakiki wa gazeti, bure kama kawaida yao. Dakika ya hamsini akainuka.

"Wapi tena, kaka? Utamu ndio unaanza," Lorna akamwambia mlangoni.

"Gari, dada. Kila Jumapili si lazima tuzihamishie upande wa pili wa mtaa, theluji izolewe? Lile gari la kusukuma theluji likinikuta, nimekwisha."

Hakurudi.

Jumatano, nyota moja na nusu. Eti "ushindi wa seneta mwishoni ni tusi kwa mpiga kura."

Ushindi gani, wewe? Seneta anashindwa! Dakika kumi nzima anawashukuru wapiga kura ambao hawapo, wafagizi wanabeba viti, na yeye mwisho anabeba cha kwake. Ushindi upo kwenye kijitabu wanachogawiwa wahakiki, kilichochapwa kabla mwongozaji hajabadilisha mwisho. Weller alinakili kijitabu. Halafu huyu ndiye anatufundisha kucheka.

Curt Maki, mwenye sinema, alisoma gazeti akapanda ngazi kubandua bango. Lorna hajawahi kumwomba chochote. Siku hiyo akaishika ngazi.

"Curt, iache wiki moja tu. Huyu hakuiona."

"Nyota ni nyota, mama. Watu wameshasoma."

"Mpigie mhariri wake. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe akitoka katikati!"

"Unajua utanigombanisha na gazeti?"

"Gombana. Una miaka sitini, utaanza lini?"

Curt akacheka, akashuka, akapiga simu. Ijumaa gazeti likasahihisha: mstari mmoja, chini ya tangazo la majembe ya theluji. Nyota hazikuguswa hata kidogo. Nilimuuliza mhakiki mwingine, akanijibu bila aibu kwamba wote wanakitumia kijitabu. Basi wote wavivu.

Ijumaa hiyo wakaja watu sita. Wote walicheka, Lorna aliwasikia mmoja mmoja. Lakini sita hawapashi ukumbi moto. Jumamosi bango likashuka, Lorna akalikunja mwenyewe, akaenda nalo nyumbani.

Weller bado anagawa nyota. Nanyi bado mnazisoma. Nakuomba kitu kimoja: Jumapili hii, kabla hujafungua gazeti, hamisha gari lako mapema, nenda pale mlangoni, umuulize Lorna watu walicheka vipi.