Kilo ya Sukari ni Vichwa Vingapi?

Kwa heshima na taadhima, gazeti hili linautangazia umma kwamba uchunguzi wa kina kuhusu gharama za maisha katika nchi mbili jirani umekamilika. Umeongozwa na mtaalamu aliyeishi pande zote mbili za mpaka, mwenye ofisi yake, vifaa vya umeme na uzoefu wa miaka kumi na tisa.

Kwa sasa mtaalamu huyo amemshika mtu sikio.

"Tulia, usije ukatoka na moja," anamwambia mteja, na mashine inaendelea kunguruma.

Ni saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Ofisi ni chumba chenye upana wa hatua nne: kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, kioo kilichopasuka pembe, chupa ya spiriti, na benchi lililojaa wanafunzi wa bweni waliotoka kwa ruhusa. Wengine ruhusa yao ni ya maandishi.

Mlangoni amesimama mnunuzi wa vitu vilivyotumika. Mkokoteni uko nje, spana iko mkononi. Anasubiri kichwa hiki kiishe ili afungue kiti na kuondoka nacho.

"Kaka, fanya haraka, jua linapanda."

"Jua lipande tu, ndugu yangu. Sikio likishuka halipandi tena."

Benchi linacheka. Kinyozi hacheki. Hiki ndicho kiti alichokinunua miaka sita iliyopita, alipovuka mpaka na begi moja na mashine mbili, akawaacha nyumbani mkewe na mapacha waliokuwa na mwaka mmoja. Leo wana miaka saba, na baba yao wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura.

"Mmoja aliniuliza kwenye simu kama nina miguu," anasema. "Kwenye picha zote nimepigwa kuanzia kiunoni."

Mpango ulikuwa familia imfuate shule zikifungwa. Lakini mkewe, fundi cherehani, si mtu wa kuhama kwa kuambiwa kuzuri. Alitaka kujua kwanza: maisha ni nafuu huku, au kule?

Swali hilo limewapa wengi vidonda vya tumbo. Ukilinganisha bei kwa kubadilisha fedha, anasema kinyozi, unachekwa mpakani mara mbili: ukienda na ukirudi. Noti za huku ni chache na nzito, za kule nyingi na nyepesi, na kila mwezi zinabadilisha tabia.

Ndipo alipobuni kipimo chake. Hahesabu noti, anahesabu vichwa.

"Kitu ni ghali au rahisi kwa jasho lako, si kwa noti," anaeleza. "Mimi jasho langu ni vichwa. Niambie kilo ya sukari ninyoe wangapi, nitakujibu kama naishi au naishiwa."

Mwezi uliopita alitundika ubao ukutani, safu mbili: Huku na Kule. Za kule mkewe aliuliza kwa vinyozi wa mtaani, akapiga hesabu mwenyewe, akatuma vichwa vilivyo tayari. Za huku kinyozi alizitaja kwa noti, mikono ikiwa na povu, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akaombwa agawanye na kuandika kwa chaki.

"Mimi hesabu niliiacha darasa la tano," anasema. "Tena yenyewe ndiyo iliyoanza kuniacha."

Ubao ulipokamilika, ulimvunja moyo. Kilo ya sukari: huku vichwa vinne, kule vitatu. Kodi ya chumba kwa mwezi: huku sitini, kule arobaini. Mtungi wa gesi: ishirini na nane kwa ishirini. Kibali cha kuishi kwa mwaka: huku vichwa mia na ishirini, kule sifuri, kwa kuwa hakuna anayelipia kuwa kwao.

Na yeye hanyoi vichwa vingi hivyo. Siku ya kawaida ni kumi na viwili.

Hakujiuliza amewezaje kuishi miaka sita?

"Nilijiuliza! Mfukoni sikuona maumivu hayo. Lakini ubao umeandikwa na msomi. Nikasema labda ninaumia bila kujua, kama mtu aliyekatwa na wembe mpya."

Akamwambia mkewe asije. Akampa mama mwenye nyumba taarifa ya kuhama. Akauza kitanda, akalala chini wiki mbili. Kilichobaki ni kiti, na mnunuzi ametoa bei isiyofika nusu ya aliyokinunulia.

Kichwa kinaisha. Mteja anajipangusa, anashuka. Mnunuzi anapiga magoti na kufungua nati ya kwanza, kisha ya pili. Zimebaki mbili.

Simu inalia. Kinyozi, mikono imejaa nywele, anaibonyeza kwa kiwiko na sauti ya mkewe inajaa chumba kizima.

"Baba Pacha! Nimekaa na orodha ya ubao uliyonitumia tangu jana, na sijalala vizuri. Sukari kilo vichwa vinne?"

"Ndivyo ubao unavyosema."

"Ubao uache. Ulinunua sukari lini?"

"Juzi."

"Ulitoa nini?"

"Noti moja ya bluu. Sikurudishiwa kitu."

"Haya. Na mtu mzima akinyoa hapo anakupa nini?"

"Nusu ya hiyo."

"Nusu ngapi zinafanya noti nzima, Baba Pacha?"

Kinyozi anaanza kuhesabu kwa vidole. Benchi linajibu kwa pamoja, kama darasani: "Mbili!"

"Hao wamesikia. Wewe umesikia? Sasa hivyo vinne ni vichwa vya nini? Vya kuku?"

Kinyozi anageuka polepole na kulitazama benchi, kisogo baada ya uso, uso baada ya kisogo. Wanafunzi hulipa nusu ya bei ya mtu mzima. Imekuwa hivyo tangu alipofungua.

"Vya wanafunzi," anasema. "Mama Pacha, kule umehesabu watu wazima, huku tumehesabu watoto."

"Kwa hiyo kila kitu cha huko..."

"Gawanya kwa mbili."

Mnunuzi ameacha spana ikining'inia kwenye nati ya tatu. Kinyozi anachukua chaki na kupita safu ya Huku akifuta na kuandika, akisoma kwa sauti ili mkewe asikie. Sukari, viwili. Kodi, thelathini. Gesi, kumi na vinne. Kibali, sitini, kinauma bado lakini hakiui. Mafuta ya kupikia, lita moja, vitatu kwa viwili vya kule.

"Mafuta mmetushinda," anakiri.

"Basi tutachemsha," anajibu mkewe. Kisha sauti yake inapungua. "Wewe mwanaume, ulikuwa unauza kiti kweli?"

"Zimebaki nati mbili."

"Mwambie akaze."

Mnunuzi analalamika, na ana haki: ameukodi mkokoteni. Wanapatana. Atanyolewa bure leo, na mwezi ujao pia. Anakaza nati zote mwenyewe, akinung'unika kwamba hajawahi kulipwa nywele.

Kinyozi anakaa kwenye kiti chake, jambo asilolifanya saa za kazi. Anajifuta uso kwa taulo la wateja, na anakaa nalo usoni muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

"Nilikuwa narudi nyumbani kwa sababu ya kugawanya," anasema kutoka ndani ya taulo.

Kabla ya saa nne amekwishampigia mama mwenye nyumba, ambaye anasema chumba hakijapata mtu na kwamba alijua tu. Shule zikifungwa, mkewe na mapacha watapanda basi. Cherehani itakaa dirishani, upande wenye mwanga. Kitanda atanunua kingine, kikubwa zaidi.

"Na siku wakishuka," anasema, "nitasimama mbali kidogo, wanione mpaka miguuni."

Hapo ndipo makala haya yalipaswa kuisha. Mwandishi alifunga daftari, na kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika, akakaa kitini. Mashine ikapanda shingoni, ikafika katikati ya kichwa, ikazimwa.

"Mwanangu," alisema kinyozi, "ninyi mkivaa sare nyuso zenu zote ni moja. Mimi nawajua kwa visogo."

Mwandishi alifungua daftari, akalifunga tena.

"Siku ile nikitaja bei, aliyekuwa akiandika alinipa mgongo. Nilikitazama kisogo chake robo saa nzima. Kina mizunguko miwili ya nywele, mmoja unakwenda kulia, mwingine kushoto." Kidole chake kikagusa wa kulia, kisha wa kushoto. "Kama hivi."

Basi nakiri. Mkono ulikuwa wangu. Niligawanya kwa bei yetu ya wanafunzi makusudi, ili atazame ubao, apige kelele, nicheke, nifute. Hakupiga kelele. Aliamini, nami nikakosa pa kuanzia. Jumamosi tatu nimekuja hapa kusema, na Jumamosi tatu ulimi umelala. Hata daftari hili la uandishi lilikuwa kisingizio cha kupata ujasiri, na mama wa watu akaniwahi.

Niliyasema yote hayo nikiwa na nywele upande mmoja. Kinyozi alinitazama kwenye kioo, akatingisha kichwa, akawasha mashine na kumaliza upande wa pili, taratibu, bila kunikata.

Nilipotoa bei ya mwanafunzi, hakuipokea.

"Anayeweza kumfanya mtu auze kitanda chake huyo si mtoto," alisema. "Lipa kichwa kizima."

Nililipa.